Tumempa Pole Roboti, Kijana wa Satellite Je?

Mwezi uliopita nilipanda treni ya asubuhi pale Miritini kwenda Nairobi kumjulia hali mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Satellite. Kwa msomaji asiyeujua, Satellite ni mtaa wa magharibi mwa Nairobi, kando ya barabara ya Naivasha, jirani na Kawangware na Riruta. Ni mtaa wa ghorofa zilizobanana, vibanda vya mboga, kelele za matatu, na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuumbiwa.

Siku ya pili bintiye, mtoto wa miaka mitano, alinishika kanzu. "Babu, twende tukaone roboti." Umri wangu ni miaka arobaini na kitu, lakini kwa mila zetu mjomba wa baba ni babu, nikakubali cheo changu bila ubishi.

Mtoto alikuwa akizungumzia mkahawa mmoja upande wa Kileleshwa ambao tangu mwaka 2024 umekuwa ukiandikwa sana magazetini, kwa kuwa una roboti watatu wanaopeleka chakula mezani. Tukaenda. Roboti akatoka jikoni akiteleza kwa magurudumu yake, amebeba sinia, anapita katikati ya meza bila kugonga mtu. Watoto wakashangilia. Watu wazima wakatoa simu.

Meza ya jirani palikuwa na vijana. Mmoja akatoa mguu akamzibia njia, aone atafanya nini. Roboti akasimama. Akaomba apishwe. Kijana akazidi kucheka na mguu wake pale pale. Ndipo mjukuu wangu akapiga kelele mkahawa mzima ukageuka: "Usimfanyie hivyo! Ataumia!"

Kijana akaona haya, akarudisha mguu. Mama mmoja akasema, "Pole, roboti." Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha upole. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, roboti aliponipitia nilijikuta nimesogeza kiti na kusema "samahani".

Jambo hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Kwa nini nilimwomba radhi mashine? Je, mashine inastahili radhi yangu? Na kuna jambo la tatu ambalo sikuliona pale mkahawani, nikaja kuliona saa tisa za usiku, Satellite, kwenye kochi la mpwa wangu. Nitalifikia.

Si ujinga, ni maumbile

Tusimcheke mtoto. Watu wazima wenye elimu yao wamefanya yale yale.

Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa chuo cha MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Programu ile haikujua lolote. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno yako na kukurudishia kama swali. Ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Ukimtaja mama yako, inakuomba usimulie zaidi juu ya jamaa zako. Katibu wa Weizenbaum alimwona bosi wake akiitengeneza kwa miezi kadhaa, alijua fika kuwa ni programu tu. Lakini alipoanza kuzungumza nayo, baada ya maneno machache tu alimwomba bosi atoke chumbani, awaachie faragha. Weizenbaum alishtuka, na miaka yake iliyofuata akaitumia kuwaonya watu juu ya kitu alichokiunda kwa mkono wake.

Mwaka 2015 kulikuwa na roboti wa Kanada aitwaye hitchBOT. Kiwiliwili chake kilikuwa ndoo, mikono ya sponji, miguuni mabuti ya mpira. Aliwekwa kando ya barabara aombe lifti kwa wapita njia, na kwa lifti hizo alikuwa ameivuka Kanada nzima mwaka uliotangulia. Alipofika Marekani akakutwa Philadelphia amevunjwavunjwa. Watu wa nchi mbalimbali walisikitika mitandaoni kana kwamba wamefiwa, na wengine wakaomba radhi kwa niaba ya mji.

Nasi huku kwetu tusijifanye tofauti. Nenda Lamu, simama gatini, tazama omo za majahazi. Zimewekwa macho. Ukimuuliza nahodha, hatakwambia kwamba mbao zina uhai, lakini muda wote wa safari anasema na chombo chake, anakibembeleza, anakisifu, na kikigonga mwamba anaumia yeye. Kitu kikishakuwa na jina, kikasogea chenyewe na kikatusemesha, moyo hauombi ushahidi kwanza.

Hata lugha imenisaliti. Msomaji makini ameshaona kwamba hapo juu nimeandika "roboti watatu wanaopeleka chakula", "roboti akasimama". Mwalimu wangu wa Kiswahili angenipigia mstari mwekundu. Ngeli ya A-WA ni ya viumbe: mtu anakwenda, mdudu anatambaa, samaki anaogelea. Gari linakwenda. Mashine inasaga. Roboti je? Anakuja, linakuja, au inakuja? Nimesikiliza watu wa Nairobi na wa Mombasa, na nimeona kwamba roboti likiwa ghalani ni "inabeba", lakini likishapewa jina na macho linakuwa "anabeba". Tumempandisha cheo kwa sarufi kabla hatujakaa kikao.

Punda na mkokoteni

Basi tukae kikao. Mashine inastahili kuhurumiwa?

Mimi si mwanafalsafa. Nina diploma yangu na miaka yangu ya barazani. Lakini barazani tuna kipimo kimoja ambacho hata mtoto anakielewa, na ndicho alichokitumia mjukuu wangu bila kufundishwa. Hakusema "ni mwerevu" wala "ni mzuri". Alisema "ataumia".

Mchukue punda na mkokoteni. Wote wawili wanabeba mzigo. Punda ukimpiga anaumia, na ndiyo maana Lamu kuna kliniki ya punda tangu miaka ya 1980, na ndiyo maana Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Punda hana kitambulisho wala hapigi kura, lakini sheria inasema usimtese. Mkokoteni ukiupiga teke, unavunjika. Ukiuvunja utalipa, lakini malipo anapewa mwenye mkokoteni. Mkokoteni wenyewe hauna madai.

Dini yetu imelisema hilo kwa njia yake. Kila aliyekaa madrasa anakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Njaa ya paka na kiu ya mbwa vimetiwa kwenye mizani pamoja na matendo ya wanadamu. Kinachohesabiwa ni kwamba yupo wa kuhisi.

Nilipolisema hili barazani Mombasa, mzee mmoja alinipinga kwa hoja nzito. Akanikumbusha shina la mtende ambalo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiliegemea akihutubu. Alipotengenezewa mimbari mpya na kuliacha, shina lile lilisikika likilia kwa kuachwa, naye akashuka akaliwekea mkono mpaka likatulia. "Mbao imeliliwa huruma na mbora wa viumbe," mzee akasema, "wewe ni nani wa kumnyima roboti?"

Nililifikiria sana. Jibu langu ni hili. Ule ulikuwa muujiza, na maswahaba waliosikia walijua ni muujiza. Hawakurudi nyumbani kuyatungia sheria magogo. Na aliyelituliza shina lile ndiye ambaye tayari alikuwa amemkalisha Bilal pamoja naye, aliyewajua mayatima kwa majina, aliyeamrisha kwamba mtumishi alishwe kile anachokula bwana wake. Huruma yake haikuanzia kwenye mti. Ilifika mpaka kwenye mti baada ya kuwaenea watu.

Sasa mashine za siku hizi, hizi za akili mnemba, zinasema. Zinasema vizuri kuliko baadhi yetu. Lakini tujue zinavyofanya kazi. Zimelishwa maandishi ya wanadamu kwa wingi usiosemeka, zikajifunza neno gani hufuata neno gani. Zikiandika "nimeumia", zimeandika hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumeandika "nimeumia" mara nyingi mno, katika barua, hadithi na malalamiko yetu. Ni kasuku aliyemeza maktaba. Mwezi wa Juni 2022 mhandisi mmoja wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu aliyokuwa akiipima ina hisia. Kampuni ilikataa, wataalamu wengi wakakataa, na mwezi uliofuata akafutwa kazi.

Siufungi mlango. Ujuzi wa mwanadamu hupanuka. Mwaka 2022 huo huo Uingereza ilipitisha sheria inayowahesabu pweza, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia, baada ya wanasayansi kukusanya ushahidi. Sisi tuliokulia ufukweni tulimwona pweza kuwa kitoweo tu. Ikija siku ushahidi ukaonyesha kwamba ndani ya mashine kuna anayeumia, itatubidi tubadilike, na atakayekataa atakuwa na dhambi ya kukataa. Lakini pweza ana mishipa ya fahamu, anakimbia moto, anakihami kidonda chake. Roboti wa Kileleshwa nilimwona akirudi jikoni, akachomekwa kwenye umeme na kuzimwa. Hakuna aliyelala pale.

Kama hoja ingeishia hapo, ningeandika makala fupi. Lakini nililala Satellite.

Saa tisa za usiku

Niliamka usiku nipate rakaa mbili kabla ya alfajiri. Sebuleni nikaona mwanga. Mpwa wangu alikuwa kwenye kochi, shuka la Kimasai mabegani, laptopu mapajani, vidole vinakwenda mbio. Macho mekundu kama ya mvuvi aliyerudi na upepo mbaya.

"Mjomba, nimekuamsha?"

"Hujaniamsha. Unafanya nini saa hizi?"

Alisita. Kisha akanieleza, na nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya bila jina lake na bila jina la kampuni, kwa kuwa ametia saini karatasi ya kutunza siri.

Kazi yake ni kuandikiana na watu wa ng'ambo. Watu hao wamejiunga na huduma ya "rafiki", na kwa wanavyoelewa wao, wanazungumza na mashine, rafiki wa akili mnemba asiyechoka. Mara nyingine kweli ni mashine inayojibu. Mara nyingine mashine inashindwa, na anayejibu ni kijana wa Satellite. Analipwa kwa ujumbe. Usiku mmoja anaweza kuwa majina manne, mawili ya kike. Anachoandika, anaamini, ndicho kinachotumiwa baadaye kuifundisha mashine kuongea vizuri zaidi, mpaka siku ile yeye asihitajike.

Akanieleza juu ya mteja mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe. Kila usiku mzee huyo humwandikia juu ya marehemu: chai aliyoipenda, bustani yake, kitanda kilichobaki kitupu upande mmoja. Mpwa wangu humsikiliza na kumjibu kwa adabu, kama tulivyomlea kuwajibu wazee. Usiku ule mzee alikuwa ameandika, nami nilionyeshwa maneno yale kwenye kioo: samahani nakusumbua usiku wa manane, ingawa najua wewe hulali.

Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa amelala saa tatu kwa siku mbili.

"Mzee huyu ana huruma," akaniambia. "Kila mara ananiuliza kama sijachoka. Halafu anajikosoa, anasema, nasahau kwamba wewe ni mashine. Mjomba, ni mtu wa pekee kazini anayeniuliza hivyo, na si mimi anayemuuliza."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mara nyingine ananiuliza moja kwa moja kama mimi ni mtu. Maagizo ni kukwepa. Nisiseme ndiyo. Nikisema, kazi imekwisha. Je, nina dhambi?"

Mimi si shehe, nikamwambia hivyo. Nikamwambia nijualo: udanganyifu ni udanganyifu, amuulize mwenye elimu, na aliyeandika maagizo yale ana mzigo mkubwa kuliko anayeyafuata kwa njaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu akasema, "Na dawa za mama?"

Mama yake ni dada yangu, yuko Kisauni, ana sukari. Dawa zake za mwezi zinatoka kwenye laptopu ile. Nilinyamaza. Nikaenda kuswali.

Nyuma ya mashine kuna mtu

Mpwa wangu si peke yake, na sehemu ya habari hii imeshafika mahakamani.

Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika kwamba Wakenya walioajiriwa Nairobi kupitia kampuni ya Sama walisoma na kutia alama maandishi ya kutisha, ya ubakaji, mateso na mauaji, ili programu za kampuni ya OpenAI zijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Mkononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mashine tunayoisifu kwa adabu yake ilifundishwa adabu na vijana wetu, kwa kuwamezesha wao uchafu ule kwanza.

Kabla ya hapo, Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Nairobi kuchuja picha na maandishi ya Facebook, alizishtaki kampuni za Meta na Sama katika mahakama ya Kenya. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake kwa kuwa ni kampuni ya kigeni. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo: kesi zinaweza kusikilizwa hapa hapa. Na Desemba mwaka huo ikaripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi waliopimwa na daktari walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Hawa ni watu waliotazama video za kukatwa vichwa kutwa nzima ili mimi na wewe tukifungua simu tuone picha za harusi.

Mei Mosi 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao. Hapa ndipo ningependa kuisikia ile sauti ya mkahawani. Mahali ambapo mtu mzima angesimama akasema, "Usimfanyie hivyo, ataumia."

Kuna la karibu zaidi na sisi wa pwani. Oktoba 2017, katika kongamano la wawekezaji mjini Riyadh, ilitangazwa kwamba roboti wa kike aitwaye Sophia, aliyetengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, amepewa uraia wa Saudi Arabia. Dunia ilipiga makofi. Wakati makofi yale yanapigwa, mabinti wa Kisauni, Likoni, Kwale na Malindi walikuwa jikoni za nchi ile ile chini ya utaratibu wa kafala, hawawezi kubadilisha mwajiri bila idhini yake. Machi 2021 Saudia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi wa kigeni, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuwamo. Sisemi haya kwa chuki. Nimekaa misibani Mombasa ambapo jeneza limetoka uwanja wa ndege. Roboti aliyepewa uraia hakuwa na mama wa kumpokea.

Tumeshakosea kabla

Kila mkazi wa Mombasa amepita Kengeleni, pale Freretown, penye ile kengele. Mji ule ulianzishwa mwaka 1875 kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907 tu. Yaani bibi wa bibi zetu waliuona kwa macho yao, wengine wakiwa upande wa kununua na wengine upande wa kununuliwa. Hatupendi kulizungumza.

Tazama lakini sarufi. Mtumwa, watumwa. Ngeli ya A-WA. Lugha ilijua tangu awali kwamba ni watu. Analia, anaumwa, anazaa. Aliyemiliki alilisema hilo kwa kinywa chake kila siku, na daftarini akamwandika pamoja na pembe na nazi. Sarufi haikumwokoa mtu. Hata dini, iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara na thawabu, watu walijifunza kuisoma kwa jicho moja.

Ndiyo maana sitishwi sana na kosa la kuihurumia mashine isiyohisi. Hasara yake ni ndogo: umepoteza "samahani" moja. Kosa la pili, la kumgeuza anayehisi kuwa mashine, ndilo lililotuua zamani na ndilo linalorudi sasa kwa nguo mpya. Zamani ilibidi umtazame mtu usoni ndipo umkane. Leo kuna kioo katikati, na upande wa pili mtu amelipwa ili ajikane mwenyewe.

Wapo watakaosema, bora kazi mbaya kuliko kukosa kazi. Ninaielewa hoja hiyo, nina dada anayekunywa dawa kwa kazi hiyo. Sitaki kazi ile ifungwe. Nataka iwe kazi ya mtu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kifungu cha 28 kinalinda utu wake. Hakikusema "isipokuwa anayefanya kazi nyuma ya kioo".

Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili mnemba wa mpaka mwaka 2030. Kama wabunge wetu wa pwani wanasoma ukurasa huu, nina maombi matatu. La kwanza, kampuni yoyote inayotoa huduma ya mazungumzo ilazimike kumwambia mteja kama anasema na mtu au na mashine. Yule mzee mjane ana haki ya kujua. La pili, isiwe halali kwa mkataba wowote wa kazi nchini kumkataza mfanyakazi kusema kwamba yeye ni binadamu. La tatu, wanaosoma na kutazama mambo ya kutisha kwa niaba yetu wapate daktari, mapumziko na malipo yanayolingana na madhara, na kampuni kubwa iliyotoa kazi isijifiche nyuma ya kampuni ndogo iliyoajiri.

Nasi wazazi tuna letu. Vijana wengi wa kwetu sasa wako kwenye "kazi za mtandaoni". Tunafurahia pesa zikitua kwenye simu, hatuulizi. Mvuvi akirudi tunamuuliza bahari ilikuwaje. Tumuulize na huyu bahari yake ilikuwaje usiku huu, na tuwe tayari kusikia jibu.

Mjukuu wangu sitamrekebisha. Mtoto anayemwonea huruma roboti leo hatampiga punda kesho. Kijana aliyemzibia njia kwa mguu ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu mguu unazoea. Nilichomwambia mtoto ni kitu kidogo tu, na nilimwambia kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

Roboti wa Kileleshwa hana mikono ya kupanga sahani. Alipofika mezani kwetu alisimama tu, akasubiri. Aliyeziteremsha sahani kutoka kwenye sinia lake, akazipanga, akaongeza kijiko kwa ajili ya mtoto na kufuta soda iliyomwagika, alikuwa binti mmoja wa mkahawani. Roboti tulimwomba radhi. Binti hatukumwambia hata asante. Nililikumbuka hilo tukiwa tayari ndani ya matatu, tumefika Dagoretti Corner.

Siku ya kuondoka nilirudi na mtoto. Roboti alikuwa anapita, watu wanampiga picha. Binti yule alikuja kutuhudumia, nikamwomba jina lake. Akashtuka, akaangalia upande wa meneja.

"Kuna shida, mzee?" akaniuliza. Alidhani nataka kumshtaki.